Pemba ya Kuchanganya na Mchanga

Mchanga ule ulinitesa. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyoyeyusha alumini nyumbani na kuimimina katika kalibu ya mchanga, nami, mwanamke wa duka dogo la vitenge hapa Kasongo, nikapagawa. Nilitaka kutengeneza vishikio vya vifuniko vya sufuria, kwa raha yangu tu. Alumini haikunisumbua, maana sufuria zilizotoboka zimejaa kila ua. Mchanga ndio ulionishinda. Unatakiwa kuwa na udongo wa kuushikanisha na maji kidogo sana, hivi kwamba ukiufinya kiganjani unabaki bonge, na ukilivunja bonge linakatika safi kama muhogo mbichi.

Wangu uligoma. Nikizidisha maji, alumini inatokota na kuruka, nakimbia kuokoa miguu. Nikiyapunguza, kalibu inabomoka kabla sijamimina chochote. Nilijaribu udongo wa kichuguu, ule wa kufyatulia matofali, ukaja na mizizi na vijiwe. Mume wangu, ambaye hupeleka bidhaa Salamabila kwa pikipiki, alinicheka akasema nimerudi utotoni kupika ugali wa matope. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko huo mchanga.

Ndipo nikakumbuka pemba, udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mabonge, ambao wajawazito wetu huutafuna wakishikwa na kichefuchefu. Ni laini, safi, hauna hata punje ya jiwe. Nikaenda sokoni nikachukua kikapu kizima.

Muuzaji alinishika mikono yote miwili. "Mungu iko mukubwa, mama! Yote hii ni yako?"

"Yangu. Itaisha leo leo."

Akacheka mpaka machozi, akaniongeza mabonge mengine bure. Nilidhani siku yake ilikuwa mbaya nami nimemwokoa. Njiani jirani akanipokonya kikapu akisema nisibebe mizigo. Mwingine, ambaye huwa hanisalimii, aliniombea dua. Nilifika nyumbani nikijiuliza mji mzima umepatwa na nini.

Utaniuliza, mwanamke wa Kasongo, hukuelewa kweli? Sikuelewa. Miaka ya ndoa ilikuwa imepita bila mimba, na mambo hayo nilikuwa nimeyafukuza kichwani ili nipate kuishi. Kwangu pemba ilikuwa udongo, basi. Niliitwanga, nikaichekecha, nikaichanganya na mchanga wa mtoni, na kwa mara ya kwanza bonge lilikatika safi. Nilifurahi mno.

Asubuhi yake mama mkwe akaja. Huyu ndiye aliyekuwa amemwambia mwanawe, mbele yangu, kwamba kuna binti wa watu wazuri Nyangwe, na kwamba dini inaruhusu. Tangu siku ile nilikuwa nalala nikiihesabu nyumba yangu kuwa ya mwingine. Sasa alikuja na kuku na samaki wakavu, akaosha vyombo vyangu, kisha akaniwekea mkono tumboni taratibu.

"Mukamwana wangu, kaa chini. Nimekwisha kumuita bwana yako. Iko njiani."

Hapo ndipo nilipoelewa, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilitamani kudanganya, walau wiki moja tu, nipate kupendwa. Lakini mume wangu alikuwa anakata barabara kwa furaha ya mtoto asiyekuwepo.

"Mama, hakuna mimba," nikasema. "Pemba ni ya muchanga."

Nikampeleka uani, nikamwonyesha rundo, kinu na chekecheke. Nilisubiri matusi. Akachuchumaa, akachota mchanga, akaufinya, akalivunja lile bonge na kuutazama mvunjiko wake kwa muda mrefu.

"Mimi nilikula pemba mwaka muzima, tumbo tupu," akasema. "Nilikula kwa barza, nilikula sokoni, watu wote wanione, waache kunisema."

"Lakini ulizaa, mama."

"Mudogo wangu ndiye alizaa, kule Kabambare. Alinipa mutoto kitovu hakiyakauka. Nikarudi naye hapa, watu wakapiga vigelegele."

Nilikaa juu ya kinu kilicholala. "Bwana yangu anajua?"

"Hajui."

"Na wewe, uliyejua uchungu huu, sababu gani unamutafutia bibi mwingine?"

Akanitazama kana kwamba jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi. "Sasa wewe uko na mudogo? Nani atakupa wa kwake?"

Mimi ni mtoto wa pekee. Sikujua kama nimetukanwa au nimehurumiwa, na mpaka leo sijui. Hasira niliyokuwa nimemwekea ilikosa mahali pa kukaa.

Tulisikia pikipiki. Akasimama haraka, akajipangusa mikono kwenye kitenge. "Mimi ndiye nitamuambia."

"Utamuambia lipi, mama?"

Mume wangu aliingia uani na vumbi la safari usoni, akaiacha injini ikinguruma, akanikumbatia huku mikono yangu imejaa mchanga, akilia na kucheka. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mutoto wangu," mama akasema, akamshika mkono na kumvuta kwenye rundo la mchanga.