Nilifungua difu ya kamio nyumbani, nikamwachia yaya lawama

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Kiswahili changu ni cha huku Kongo, mtanivumilia.

Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi, na sitaongeza chumvi. Yangekuwa ya mtu mwingine ningecheka.

Tuko na kamio moja ya familia, yaani lori, mimi na yaya wangu Faustin. Yaya huku ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Yeye ndiye dereva, anatoa viazi Fataki analeta Bunia. Mimi niko bureau, kazi ya ofisi, lakini nilisoma mécanique na diplome ninayo.

Basi kamio ikaanza kulia nyuma. Ukikanyaga mafuta, wuuu! Ukiachia, inanyamaza. Ilikuwa pont, nyinyi Watanzania mnaiita difu.

Yaya alitaka kuipeleka kwa muzee Deo, fundi wetu tangu enzi za baba. Nikakataa. Tena mbele ya mama, mke wangu na majirani:

"Muzee Deo hata kusoma hajui. Atajua pont namna gani? Lete hapa nyumbani, siye tulisoma."

Yaya akaniangalia. "Kweli weye utaweza?"

"Yaya, bana! Unaniona mutoto?"

Maneno yale yalimfikia muzee siku ileile. Mtaa wetu wa Bigo hauna siri.

Jumamosi asubuhi nikapandisha kamio juu ya magogo uani. Nikamwaga oil, nikachomoa ekseli, nikashusha kichwa cha difu. Oil ilijaa unga wa chuma. Bearing mbili za pembeni zimekwisha, nikanunua mpya. Hadi hapo nilikuwa sawa kabisa, msinicheke bado.

Sasa, zile bearing zinabanwa na vifuniko viwili vya chuma, cha kushoto na cha kulia. Ukivitazama vinafanana kabisa, ila kila kimoja kimechongwa kwa upande wake, ukivibadilisha vinabana bearing. Nikavitupa vyote kwenye beseni moja la mazutu, yaani dizeli, nikavipiga brashi mpaka vikang'aa.

Kuvitoa tu, nikajiuliza: kipi cha wapi? Sikuweka alama.

Shuleni hilo ni somo la kwanza, jamani. Lakini majirani walikuwa wameleta viti wananitazama kama mechi. Niliona haya kusema sijui. Nikafunga tu. Bolti zikaingia, nikajiambia basi ni sawa.

Nikawasha, nikazunguka mtaa. Kimya! Mke wangu akapiga vigelegele. Mama akasema, "Munaona? Mutoto yangu hakusoma bure." Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Ila kamio ilikuwa tupu, wakuu. Mzigo ndio unaoisemesha difu.

Yaya akaenda Fataki, akapakia kama siku zote. Kwenye mteremko, wakati wa kurudi, difu ikashika. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, kamio ikaserereka, ikaegemea mtaroni na watu wako juu ya viazi. Hakufa mtu, Mungu asifiwe. Lakini mama mmoja mwenye mzigo wake aliruka akavunjika mkono.

Barabara ile si ya kulala, usiku si salama. Yaya alikaa pale siku mbili akilinda mali za watu.

Alinipigia simu. "Pont imeshika. Iko nini?"

Nilijua palepale, ni vile vifuniko. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema:

"Ulipakia mingi, yaya. Pont niliitengeneza vizuri."

Akajibu, "Pengine njo vile. Unisamehe."

Ananiomba msamaha mimi! Na mimi nikaitikia, nikakata simu.

Aliyepanda pikipiki na mafunguo (spana) yake kwenda kuitoa kamio ni muzee Deo. Alivyorudi aliniita pembeni, akanipa kifuniko kimoja na kukiweka kidole changu juu yake. Nikahisi kitundu kimoja kilichogongwa na kiwanda. Akakisogeza kidole kwenye chuma cha upande nilikokuwa nimefunga kifuniko hicho. Vitundu viwili.

"Moja inaenda na moja, mbili na mbili," akasema. "Hii haiombi kusoma, inaomba kupapasa tu. Yaya yako sikumuambia. Hiyo iko kazi yako."

Kazi hiyo sikuifanya.

Jumapili mama yetu aliwaita wenye viazi, na yule mama akaja mkono umefungwa. Yaya akasimama, akavua kofia. "Nilipakia mingi. Ni mimi. Munisamehe." Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Muzee Deo aliniangalia, kisha akaangalia pengine. Nikatazama viatu vyangu mpaka kikao kikaisha.

Tangu siku hiyo yaya anapakia nusu. Na bado watu wanamkwepa, wanasema dereva yule ana tamaa, atawaua. Na anasikia.

Jana niliacha sahani yangu mezani. Nikamfuata kwenye kamio, nikamwambia yote, vifuniko, simu, kila kitu. Nilidhani atanipiga. Aliendelea kukaza kamba ya turubai mpaka mwisho.

"Na mbele ya mama na wale watu, utasema lini?"

"Sijui, yaya."

"Mimi nilisema mbele yao."

Akapanda, akawasha, akaondoka.

Kwa anayetaka kufungua difu nyumbani: piga alama kifuniko kabla ya kukigusa, na papasa utafute alama ya kiwanda. Usioshe vyote beseni moja. Na kama hujui, sema hujui hata wakikucheka. Chuma muzee alikirekebisha kwa siku mbili. Jina la yaya nililiharibu kwa sentensi moja ya simu, na hilo hakuna fundi wa kunitengenezea.

Nimemwomba mama awaite wote tena Jumapili hii. Hajui sababu. Amefurahi, anasema atapika. Yule mama wa mkono naye atakuja.

Nitukaneni tu, nitasoma zote, nimestahili. Ila kama kuna mtu humu amewahi kusimama mbele ya familia yake akasema "ni mimi", naomba aniambie alianza na neno gani.