Mazuri yangu kumi na saba, baya moja

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Hapa Kindu mtanitambua hata nikificha jina, maana wenye diplome ya Lubumbashi na viatu vya ngozi kama vyangu hatujazi mtaa. Chekeni tu. Nimezoea!

Nilirudi nyumbani baada ya miaka mingi, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Kilichobaki kilikuwa mke. Nikampata Furaha, fundi cherehani wa ng'ambo ya mto, Alunguli. Maneno machache, macho makali. Nilimpenda, jamani! Nilimpenda mpaka nikajifunza kutafuna polepole mbele yake.

Mnajua desturi yetu: anayeposa hafungui kinywa. Anaangalia chini, na mzee wa kwao anamsemea yote, uzuri wake na ubaya wake. Mzee wangu ni baba mudogo, ndugu wa marehemu baba, fundi wa baiskeli aliyeacha masomo darasa la tatu. Nikajiuliza: huyu ndiye atakayenieleza mimi? Kwa Kifaransa kipi?

Ndani ya mtumbwi nikamwambia, "Baba mudogo, leo utakaa tu. Nitajisemea."

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

"Na wakiniuliza?"

"Unyamaze."

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Upande wa kulia mazuri yangu, upande wa kushoto mabaya. Mazuri yalifika kumi na saba, tena kwa kubana maandishi. Mabaya niliyatafuta siku mbili nzima nikapata moja.

Wazazi wa Furaha walikuwepo, na shangazi yake, na majirani wawili. Nikasimama nikasoma mazuri yote. Kisha nikasoma baya langu: "Ninawavumilia kupita kiasi watu wasiosoma."

Shangazi akazungusha macho polepole. "Humu ndani nani alisoma?"

Majirani wote wawili wakanitazama mimi.

"Basi aksanti, Papa Diplome. Unatuvumilia tangu asubuhi. Hauchoke?"

Wakacheka. Mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikaona wanahitaji maelezo zaidi! Nikaingia kwenye hadithi ya wakati wa vita: jinsi nilivyokimbia Kindu kijana mdogo, nikafuata reli kwa miguu hadi Kibombo na kupita, peke yangu, bila mtu wa kunishika mkono, mpaka Lubumbashi nikajisomesha.

Shangazi akamgeukia baba mudogo. "Na wewe, mukubwa, wakati ule ulikuwa wapi?"

"Mi nimekataziwa kusema."

"Nani amekukataza?"

Akanionyesha kwa kidevu.

"Hapa njo kwetu, si kwake. Sema."

"Nilikuwa kwa reli ile ile. Nilikuwa nasukuma baiskeli."

"Iko na muzigo gani?"

"Iko na huyu. Miguu yake ilivimba."

Wasomaji, sikudanganya kwa makusudi! Safari ile niliisimulia Lubumbashi mara nyingi mno, na kila mara baba mudogo alipungua kidogo, mpaka akatoka kabisa.

Furaha alitusindikiza hadi mlangoni. "Kujisifu kwako nilikujua, kulikuwa kunanichekesha," aliniambia. "Lakini leo umeweka muzee pale kama kiti. Mi nikizeeka, utaniweka wapi?"

Akarudi ndani. Nikajifungia nyumbani wiki nzima, kisha nikaenda kumpigia magoti baba mudogo katikati ya minyororo na grisi, na suruali yangu ya sherehe. Hakunikaripia. Alifuta mikono, akasema, "Nitavuka. Wewe bakia."

Alirudi jioni na samaki wawili.

"Wamekubali?"

"Wamekataa. Furaha mwenyewe njo amekataa. Lakini wamenipa samaki."

"Uliwaambia nini?"

"Nilianza na mabaya yako. Nilipofika ya tisa, baba yake akaomba tupumuzike."

"Na mazuri?"

"Nilisema moja. Kule Kibombo miguu yako ilipona, mi nikashikwa na homa. Ukanipandisha baiskeli, ukanisukuma mpaka Kongolo. Ulikuwa unalia, lakini haukuniacha."

Kati ya mazuri kumi na saba, hilo halikuwamo! Nilikuwa nimelisahau pamoja naye.

"Furaha alisema nini?"

"Aliuliza, 'Na yeye mwenyewe anakumbuka ile?'"

Furaha ameolewa na muuza samaki wa Lokandu. Nasikia siku ya posa bwana huyo hakutamka neno hata moja. Nilitaka kuandika kwamba labda hana la kutamka. Nimejizuia, na mnihesabie hilo.

Wewe unayejiandaa kwenda kuposa, acha karatasi nyumbani. Mpe mkubwa wako kiti cha mbele. Akianza kuyataja mabaya yako, angalia chini na usimsahihishe, hata akipita tisa. Mwache amalize, maana mazuri yako anayo yeye.