Kipimo, Dada Yake na Kompyuta ya Kazi

Watu walimwita Kipimo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia utosini mpaka kwenye visigino, kisha kutikisa kichwa taratibu kama aliyepata jibu la hesabu. Mwenyewe alisema ni mazoea ya macho tu, kama kinyozi anavyotazama nywele za watu. Lakini kinyozi akikutazama unakwenda kunyoa. Kipimo akikutazama unakwenda hospitali kupima presha. Kwenye sherehe watu walihama meza aliyokaa, naye akabaki anakula peke yake, na hakulalamika, kwa sababu nyama ilikuwa haigawanywi.

Alikuwa fundi majeneza. Karakana aliirithi kwa baba yake: chumba kirefu kinachotazama barabara, mbao zimeegemezwa ukutani, harufu ya vanishi imeshaingia mpaka kwenye mapazia ya nyumba iliyo nyuma yake. Katika nyumba hiyo alikaa na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akishona vitambaa vya ndani, vile vyeupe vya kumeremeta vyenye mikunjo, ambavyo mpaka leo hakuna marehemu aliyevilalamikia. Dada aliwahi kuolewa; akaona, akarudi. Ukimuuliza kulikoni, alikuambia mume alikuwa mtu mzuri sana, ila alikuwa anasafisha koo kabla ya kila sentensi.

Jioni, wakishaoga na kutoa unga wa mbao masikioni, ndugu hawa wawili walikuwa wanacheza gemu. Watu wazima, wenye mvi zao. Walikuwa na mashine ya zamani ya kuchomeka kwenye televisheni, iliyoachwa na mtoto wa binamu yao alipohamia mbali. Kila mmoja alishika padi yake ya kuchezea, wakakaa kwenye kochi moja lililobonyea katikati, wakacheza mpira. Dada alicheza kama refa hajazaliwa. Alikata watu miguu, na Kipimo akilalamika alimjibu kwamba mpira si msiba, watu wanaruhusiwa kuumia.

Siku moja mashine ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima katikati ya penalti. Kipimo akaifungua kwa bisibisi, akaitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Imekwenda," akasema.

"Ilikuwa penalti yangu," dada akasema. Halafu akaongeza, "Basi tununue nyingine kama hii, mpya."

"Tununue kompyuta."

"Ya nini?"

"Ya kazi. Nitakuwa nachora majeneza humo. Siku hizi wateja wanapenda kuona picha kwanza."

Dada akaweka padi chini. "Jeneza ni sanduku lenye mfuniko. Unataka kuchora nini, madirisha?"

Ukweli, ambao dada aliujua kama anavyojua mshono wake, ni kwamba Kipimo alikuwa amechoka kufungwa. Alitaka gemu za vita, zile za kuvizia na kulenga, na alikuwa amesikia kwamba mlengaji wa kweli anatumia kipanya, si padi. Lakini mtu mzima hawezi kusema ananunua kompyuta ili apigane na watu asiowajua. Anasema ni ya kazi. Nusu ya kompyuta za duniani ziliingia nyumbani kwa mlango huo.

Wakaenda kwa fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda mtaa wa pili. Huyu alijiita Daktari na alivaa koti jeupe lenye kalamu mfukoni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Kipimo na dada wakasimama mbele yake kama wanandoa waliokuja kusuluhishwa.

"Hii mashine ya gemu anayoitaka dada, konsoli," Daktari akaanza, "unachomeka, unawasha, unacheza. Haikuulizi maswali. Ila ikichoka, imechoka yote. Kompyuta ni kama mwili. Kiungo kimoja kikidhoofika, unakitoa, unaweka kingine. Unaongeza kumbukumbu, unaongeza feni, inaishi."

"Umesikia?" Kipimo akamwambia dada. "Ni kama mwili."

"Sisi miili tunaijua," dada akasema. "Ndiyo hiyo tunayoitengenezea masanduku."

Daktari akaona pale hapauziki kitu siku hiyo. Akafanya jambo ambalo wafanyabiashara wajanja hufanya: akawapa kompyuta moja iliyotumika wakae nayo kidogo nyumbani. Wakiridhika watazungumza, wasiporidhika ataipitia. Dada hakukataa. Alisema tu kwamba kama ni ya kazi, basi ikae kazini.

Ikawekwa pembeni mwa karakana, juu ya meza ya zamani ya baba yao. Kwa sababu ya vumbi la msasa, Kipimo akaifunika kwa kipande cha kile kitambaa cheupe cha kumeremeta. Dada alipoiona akasimama mlangoni akashika kiuno. "Umeshaivika sanda," akasema. "Sasa ikifufuka usinishirikishe."

Ilifufuka kila jioni. Kipimo alikuwa akimaliza kupiga randa, anavuta kiti, anavaa hedifoni kubwa kama vikombe, na dunia inamwishia hapo. Hakuchora jeneza hata moja. Alipigana. Akapata na marafiki, watu ambao hakuwahi kuwaona sura, wanaongea naye masikioni. Mmoja alijiita Chui wa Barafu. Huyo Chui, Kipimo alimpa heshima ambayo hata baba yake mzazi hakuipata. "Tafadhali nifunike upande wa kushoto, ndugu yangu. Asante sana, ndugu yangu." Dada akimwita kula, anajibiwa kwa kidole: subiri.

Akasubiri, mwishowe akaacha kusubiri. Akawa anakula sebuleni peke yake, upande wake wa kochi, mbele ya televisheni isiyo na kitu chini yake isipokuwa alama ya mraba mahali ilipokaa ile mashine.

Halafu likatokea la wateja.

Ilikuwa alasiri, kazi imelala, siku ambayo watu wa mtaa ule walikuwa wazima kupita kiasi. Kipimo akaona haina haja ya kungoja jioni. Akavaa hedifoni. Hakusikia mlango ukifunguliwa, hakusikia hodi, wala hakusikia ile sauti ya chini ambayo watu huitumia wakiingia mahali kama pale. Waliingia mama mmoja mjane, macho yamevimba, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mzito mwenye suti na kitambaa cha kufutia jasho. Wakamkuta fundi amewapa mgongo, amesimama nusu kutoka kwenye kiti, anapaza sauti kama aliyeko sokoni.

"Huyo mzee mmalizie. Nakwambia bado anapumua. Mpige kichwani, usimwonee huruma, tunachelewa."

Shemeji mtu akashika kifua. Dada, aliyekuwa anashona nyuma ya pazia, akasikia hodi isiyoitikiwa, akatoka na sindano mdomoni, akaona. Akamgusa kaka yake begani. Kipimo akageuka, akawaona, na mazoea ni mabaya: akamtazama yule mwenye suti kuanzia utosini mpaka kwenye visigino.

"Sisi tunatafuta mtu anayeheshimu wafu," shemeji akasema, akijifuta jasho. "Siyo anayewaongeza."

Yule mjane alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika. Dada akakimbia kumletea kiti akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa, akajaribu kunyamaza akashindwa, akafuta macho kwa ncha ya kanga yake, akamtazama Kipimo aliyesimama pale na vikombe vyake shingoni, akaanza upya. Shemeji akatoka nje kwa hasira. Alipopata pumzi, yule mama akasema anaomba jeneza la mbao nyepesi, kwa kuwa marehemu hakupenda mambo mazito, na akaonyesha kwa mikono urefu wa mume wake. Alivyoonyesha, mikono ilibaki hewani kidogo, kama mtu aliyesahau kuishusha. Kipimo akaandika vipimo bila kuinua uso.

Walipoondoka, alimgeukia dada yake akingoja mvua ya maneno. Haikunyesha. Dada alikaa kwenye cherehani yake akashona mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno.

"Mteja tumempata," Kipimo akajaribu.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hatukuharibikiwa."

"Mimi sijakasirika kwa ajili ya mteja," dada akasema. "Mimi tangu kitu hicho kiingie humu naishi na mgongo wako. Uso wako nauona ukipita kwenda chooni. Kama ningetaka kuishi na mgongo wa mwanamume ningebaki kwa mume wangu, yule angalau alikuwa anakohoa, najua yupo."

Kipimo akarudi kwenye mbao zake. Alitengeneza jeneza la yule marehemu kwa mbao nyepesi kuliko zote alizokuwa nazo, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu, na jioni ile hakugusa kompyuta. Alikwenda kukaa sebuleni. Hawakuwa na cha kucheza, basi wakakaa tu, wanaitazama televisheni iliyozimwa, mpaka dada akasema, "Unga wa mbao bado uko kwenye sikio lako la kulia."

Kesho yake asubuhi akaanza kuchomoa nyaya. Alikuwa ameamua: airudishe kwa Daktari, wachukue konsoli, akubali kufungwa mabao mpaka kaburini. Alikuwa ameshachomoa kibodi dada alipoingia na chai.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha. Umeshinda. Tuchukue konsoli."

Dada akaweka vikombe chini polepole sana. "Leo?"

"Kwani ulitaka lini?"

"Usiizime hivyo," akasema, na akatazama pembeni. "Nina mji humo."

Kipimo akafikiri amesikia vibaya. Ikabidi dada aeleze. Siku Kipimo alipokuwa amekwenda kupeleka jeneza, yeye alifunua kile kitambaa ili apate ushahidi wa zile picha za kazi, amuumbue. Picha hakuziona. Aliona gemu ya kujenga miji. Akasema ajaribu barabara moja tu. Siku iliyofuata akaongeza shule. Tangu hapo kila Kipimo akitoka kupeleka mzigo, dada alikuwa anawahi kompyuta kabla gari halijakata kona.

"Kwa hiyo wewe wa kunilalamikia mgongo..."

"Mgongo wangu ulikuwa unamnyima nani uso? Hukuwepo."

Kipimo akarudisha kibodi, akawasha. Mji ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Barabara pana, bustani, nyumba zenye mapaa ya rangi, soko lisilo na matope. Ila juu ya nyumba nyingi kulikuwa na alama ndogo nyeupe zinazopepesa. Kipimo akainama karibu.

"Hivi vijifuvu ni nini?"

"Sijui. Nilidhani ni mapambo."

"Dada, hao ni maiti. Wako ndani ya nyumba, hawajazikwa." Akazungusha macho mji mzima, akatafuta, akatafuta tena. "Huna makaburi. Mji mzima huu, hakuna hata kaburi moja. Wewe, binti wa fundi majeneza."

Dada akakivuta kikombe chake. "Nilitaka mji mmoja tu," akasema, "ambao watu wake hawatuhitaji."

Kipimo hakucheka. Alitazama huku na huku akikosa kiti cha pili, akavuta jeneza ambalo halijapakwa vanishi, akalikalia. Akamwambia makaburi hayawekwi karibu na mto, watu watakunywa mababu zao. Dada akasema mlimani hapafai, pana bustani. Kipimo akasema mlimani ndiko wafu wanakopenda, kuna upepo. Dada akamuuliza nani kati yao alimwambia. Chai ikapoa wakibishana hivyo, na mpaka wanakubaliana eneo, nusu ya mji ilikuwa imehama kwa harufu.

Ndivyo Daktari alivyowakuta alipokuja kujua kama wameridhika. Akasimama nyuma yao na koti lake, akawatazama walivyobanana mbele ya kioo kidogo, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye jeneza.

"Samahani, jamani," akasema. "Si mna televisheni kubwa sebuleni? Mbona hamchomeki kompyuta huko? Waya mmoja tu. Na zile padi zenu za zamani, nikizitafutia kiunganishi, zinakubali. Mpira mtacheza, vita mtapigana, miji mtajenga. Kochi lile lile."

Ndugu wawili wakageuka kwa pamoja.

"Na siku ile hukusema kwa nini?" dada akauliza, kwa upole wa kutisha.

"Hamkuniuliza. Mliniuliza ipi ni bora kuliko nyingine. Nikajua hapo kuna ugomvi wa ukoo, daktari haingilii."

Kipimo akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye visigino. Daktari akasema waya atauleta bure.

Kompyuta ikahamia sebuleni. Chui wa Barafu siku hizi anapewa salamu za haraka haraka, akilalamika anaambiwa zamu imeisha. Kwenye mpira Kipimo bado anafungwa. Mji wa dada umekua mpaka una viwanja viwili vya ndege, na makaburi yake yana miti mizuri kuliko bustani. Ukimuuliza Kipimo ipi bora kati ya kompyuta na konsoli, ataitetea kompyuta mpaka mate yamkauke. Ukimuuliza dada, atakuambia konsoli, bila kufikiri, na atakuambia huku ameshika kipanya, amenyoosha shingo, halafu atakuomba usogee kidogo, unamzibia daraja.