Kabla Sijafunua Shuka

Kazi ya mochari ilinifundisha kurudia maneno. Miaka ile ya tisini, katika hospitali moja upande wa Bomet, nilieleza jambo lilelile mara tano kwa asubuhi moja, na bado mtu wa sita akaniuliza. Kueleza hakukunichosha. Walionichosha ni watu wanaotaka jibu na hawataki kuangalia.

Asubuhi moja ukoo ulikuja na polisi, wanaume tisa. Ndugu yao, mchuma chai, alikuwa ameanguka baada ya kula ugali na mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, akafa kabla ya kufikishwa kwetu. Walisema mkewe alimtilia sumu. Mke mwenyewe aliketi peke yake kwenye nyasi, ng'ambo ya uzio. Kaka mkubwa wa marehemu, muuza na mchinja ng'ombe wa Mulot, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba isipopatikana sababu nyingine, mama huyo haingii tena boma la ukoo, na watoto watabaki huko.

"Daktari apasue," yule kaka aliniambia. "Tunataka ukweli."

"Vizuri. Basi ingia umtambue kwanza."

"Mimi?"

Nilimweleza. Daktari hapasui mpaka watu wawili wanaomjua marehemu waseme, mbele yake na mbele ya polisi, kwamba ndiye. Na daktari alitoka Kericho, angeondoka saa saba.

"Wewe umekaa naye tangu juzi," akasema. "Wewe sema ndiye."

"Mimi simjui, mzee. Najua kibandiko cha mguuni tu."

Wanaume wakatazamana. Niliielewa hofu yao. Kwetu, zamani, maiti ilishikwa na watu wachache, na wao wenyewe walikaa kando siku kadhaa. Lakini saa nne ikawa saa tano, nami nikaeleza tena, polepole. Mwishowe kaka mkubwa akaingia, akasimama karibu na kitanda cha kwanza, macho dirishani.

"Ndiye," akasema.

"Mzee, bado sijafunua shuka."

Nikafunua. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, wa ukoo mwingine kabisa, niliyekuwa nikimsubiria nafasi kwenye jokofu. Polisi akakohoa. Kaka akatoka nje haraka, mtu aliyechinja ng'ombe maisha yake yote.

Nilimfuata. "Kuna mtu hapa hajaulizwa," nikasema, nikielekeza kidole kwenye uzio.

"Yule hamgusi ndugu yangu."

"Sijasema aguse. Nimesema aangalie."

Polisi akakubali. Mama yule akaingia na gambuti zake zenye matope, akautazama uso bila kuharakishwa, kisha akaomba kuona mkono wa kushoto. Palikuwa na kovu chini ya kidole gumba.

"Kisu cha kupogolea chai," akasema. "Kidonda nilikifunga mimi."

Mjomba mmoja, nadhani kwa aibu ya kushindwa na mwanamke, akaingia nyuma yake na yeye akatazama. Wakawa wawili.

Daktari alimaliza kabla ya saa saba. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, damu ikajaa upande mmoja wa ubongo. Akamwuliza mke kama marehemu aliwahi kulalamikia kichwa.

"Mwezi mzima. Nilimwambia aje hospitali, akasema ni baridi ya shambani."

Daktari akaondoka, na mama akarudi kwenye nyasi zake. Mimi ndiye niliyebaki na kaka.

"Na tumboni?" akaniuliza.

"Chakula tu. Tumbo halikuunguzwa na kitu."

"Na kama sumu ilipanda kichwani?"

Nikachukua penseli nikamchorea bomba la maji linalopasuka ukutani. Nikachora tena. Mara ya tatu akaufuata mchoro kwa kidole.

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe, mzee. Mimi sikumshtaki."

Akaenda hadi kwenye uzio, akasimama mbele ya mama yule akitazama mashamba ya chai ya ng'ambo, vilevile alivyotazama dirisha langu. Alisema maneno machache ambayo sikuyasikia. La mama nililisikia.

"Niangalie, shemeji."

Ilichukua muda. Akamwangalia. Kisha akamkabidhi mfuko wa nguo za kumvalisha marehemu, ambao tangu asubuhi alikuwa ameubana kwapani ili mama asiuguse. Mama akaniletea, tukafungua pamoja. Suti ilikuwamo, shati, tai, viatu vipya.

Wanaume tisa, na hakuna aliyekumbuka soksi.