Waithera na Feni Isiyonyamaza

Mwaka 2006, laptopu ya Waithera ilikuwa na makelele kuliko kinu cha kusaga mahindi. Binamu yake aliileta kutoka ng'ambo ikiwa mkweche, na tangu siku hiyo feni yake haikuwahi kunyamaza. Betri ilikwisha kabla ya chai kupoa. Nyumbani kwao, katika mtaa wa Mountain View, mama yake, Wanjira, alikwisha kugundua kwamba soksi hukauka vizuri zikiwekwa kando ya mashine hiyo.

Waithera, aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, alijua kinachoisumbua. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilikimbia mbio zake zote hata wakati mtu ameketi tu akitafuta neno la kuandika. Ndani ya kiini cha Linux, mfumo ulioiendesha laptopu yake, mna draiva, programu ndogo ambayo kazi yake ni kuiambia prosesa: sasa kazana, sasa pumzika. Lakini draiva ile haikuitambua prosesa ya Waithera. Lilikuwa toleo la nadra, na walioiandika draiva pengine hawakuwahi kuliona. Basi akaamua yeye ndiye atakayewajulisha wawili hao, draiva na prosesa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Prosesa ilipunguza mwendo ikakataa kabisa kuuongeza. Waithera alifungua ukurasa mmoja, akaenda jikoni kujimiminia chai, akarudi akaukuta ndio kwanza unaingia, kwa madaha kama bibi harusi. Alicheka hadi akashika mbavu. Kosa lilikuwa lake: penye kasi ya juu alikuwa ameandika ya chini.

Akarekebisha, akaunda kiini upya, akawasha Jumamosi mchana. Feni ikanguruma, ikapunguza, ikashusha pumzi, ikanyamaza.

Mama yake akaingia kutoka kufua, mikono ina povu.

"Imekufa?"

"Haijafa, Mama. Imetulia."

Wanjira akaipapasa kama anayepima homa ya mtoto. "Pole, mwanangu. Mungu atakupa nyingine."

Waithera akaandika jina la mama yake, herufi zikaruka upesi kwenye kioo. Kisha akamshika mikono ile ile yenye povu wakaanza kucheza. Walizunguka meza mara kadhaa kabla ya mama kuuliza, akihema, "Kwani tunacheza nini?"

Aliwatumia watunzaji wa Linux kazi yake. Mmoja wao akamjibu kwa mkato kwamba nafasi za mistari hazikukaa sawa. Akazipanga, akatuma tena.

Jibu lilimkuta mjini, kwenye saiba, duka la intaneti, ya Idarus, mzee wa Lamu aliyemtania kama mpwa wake. Lilikuwa fupi: imepokelewa, asante. Waithera aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikamponyoka, saiba nzima ikageuka.

"Kulikoni, Mwalimu?" Idarus akauliza. "Umeposwa?"

"Bora kuliko hilo, Ami. Nimeingizwa kwenye Linux."

"Na utatoka lini?"

Kicheko kikamzidi. Alipopata pumzi akamweleza: yeyote duniani mwenye prosesa kama yake, mashine yake sasa itapoa.

"Na hao wako wangapi?"

Waithera akafikiri. "Labda kumi na wawili."

"Basi watu kumi na wawili hawataungua mapaja," Idarus akasema kwa uzito wote, akaagiza mahamri ya watu wote waliokuwamo.

Jumapili, wakati wa shukrani kanisani, Wanjira alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba binti yake ameitengenezea kompyuta breki, na wazungu wamezikubali. Kanisa likalipuka kwa makofi. Waithera aliinuka ili asahihishe. Akiwa wima akatambua kwamba hajawahi kusikia mtu akiieleza draiva ile vizuri kiasi hicho, hata yeye mwenyewe darasani. Akawatazama watu, akamtazama mama yake, naye akapiga makofi.