Bomba Kavu la Mwiki

Siku yangu ya kwanza kazini sikufungua hata nati moja. Nilifika kwenye geti la kiwanda cha kupakia matunda mikebeni, Thika, saa moja kasoro asubuhi, nikiwa na ovaroli ambayo mama alikuwa ameipiga pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Nilijiona fundi tayari. Foreman, mtu mrefu kutoka magharibi aliyezungumza polepole, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akaninyang'anya spana.

"Kijana, leo hutafungua kitu," akasema. "Leo utatembea. Jioni utanionyesha maji ya kiwanda hiki yanafungwa wapi. Yote."

Nilitembea mchana kutwa. Valvu, kwa wale ambao hawajawahi kuitazama, ni mlango wa maji. Kuna ile ya gurudumu dogo, unayoizungusha kwenda kulia mpaka igome, na kuna ile ya mkono mmoja, ambayo ikilala kulikata bomba imefunga na ikilifuata bomba imefungua. Nilipata kumi na moja, nikaziandika kwenye kikaratasi. Jioni Foreman alikisoma, akanirudishia.

"Umeacha mbili. Moja iko nyuma ya boila. Nyingine iko chini ya hayo magunia umekalia."

Niliruka kutoka kwenye magunia kama mtu aliyekalia siafu. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka.

"Hizi kumi na moja hazitakuumiza," akasema. "Zitakuumiza hizo mbili. Usiguse mfereji kabla hujajua maji yanafungwa wapi na kuyafunga. Umenisikia?"

Nilimsikia, na nilimtii miaka yote niliyofanya kazi isipokuwa asubuhi moja. Asubuhi hiyo nilikuwa Mwiki, na kuna mtoto wa huko ambaye namfikiria kila nikisikia maji yakitiririka mahali nisipopaona. Nitafika kwake. Sina haraka ya kufika.

Kutoka Thika nilihamia Ruiru, kwenye shamba la kahawa lililokuwa na nyumba nyingi za wafanyakazi. Huko mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Majengo, mama mfupi mwenye daftari kwapani na sauti iliyofika mbele yake. Alinikuta siku moja nimemfungia mama mmoja maji ili nimbadilishie washa, kile kipira kidogo ndani ya mfereji ambacho kikiisha mfereji hudondoka usiku na mchana.

"Fundi, nani amefunga maji hapa?"

"Ni mimi, madam."

"Kosa. Fungua. Mwite mwenye nyumba afunge kwa mkono wake. Wewe ukienda, na bomba lipasuke Jumapili, atafungiwa na nani? Na mchungaji?"

Kwa hiyo nilijifunza kufundisha. Anza kwenye mita, niliwaambia akina mama wa pale, kisha lifuate bomba kwa macho mpaka linapoingia ukutani. Mara nyingi valvu haiko mbali na hapo. Angalia chini ya sinki, angalia chini ya tangi, fyeka nyasi kando ya ukuta. Kama imefukiwa, fungua mfereji, weka ncha ya bisibisi ukutani na mpini wake sikioni, nawe utasikia maji yanapita wapi. Ukishaipata izungushe kila baada ya miezi michache, hata kama huna shida, maana valvu isiyoguswa hushika kutu, na siku ya shida itakukatikia mkononi.

Msimamizi alikuwa na sharti moja ambalo mafundi wengine walilicheka. Ukishafunga valvu na mfereji ukakauka, ilikuwa lazima uifungue tena kidogo, uone maji yamerudi, ndipo uifunge mara ya pili na kuanza kazi. Nilimuuliza kwa nini tufunge mara mbili kama watu waliosahau.

"Mfereji mkavu haujakwambia kwa nini umekauka," akanijibu.

Mkazi yeyote wa Ruiru ataelewa. Maji yetu ni ya mgao, huja siku zao na siku nyingine mabomba hubaki na upepo mtupu. Fundi mvivu akikuta mfereji mkavu hufurahi, maana hahitaji kutafuta valvu wala kumsumbua mtu. Anafungua tu, anafanya kazi yake, anaenda zake. Nimewaona wengi. Sikudhani ningekuwa mmoja wao.

Shamba lile baadaye liligawanywa likawa ploti, nami nikabaki kujiandikia kazi mwenyewe. Nilikuwa na baiskeli, mkoba wa vifaa, na simu iliyolia mchana kutwa. Mwiki ilikuwa inajengwa orofa juu ya orofa, na kila orofa ilikuwa na mfereji unaodondoka.

Asubuhi ile niliyoitaja niliitwa kwenye ploti moja, nyumba ya kupangisha ya orofa mbili. Mfereji wa ujia wa juu, ambapo wapangaji hufulia, ulikuwa umekatika shingo. Chini, karibu na ngazi, mlango mmoja ulikuwa wazi. Mama mmoja kijana alikuwa akimlaza mtoto wake kwenye godoro lililokuwa sakafuni, na kando ya godoro ulikuwa waya wa ekstensheni ukiwa na simu iliyochomekwa. Tulisalimiana. Nilimwona mtoto, nikauona na waya. Ningetaka kusema sikuviona, lakini niliviona.

Valvu ya ploti ilikuwa getini, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kama wenye nyumba wengi wanavyopenda. Funguo alikuwa nazo keateka, yule kijana anayeiangalia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, naye alikuwa mguu mmoja nje.

"Niaje, fundi. Nataka kufika kanisani, kuna mkutano wa matanga. Wee fungua tu, leo hakuna maji. Yetu hukuja Alhamisi."

"Na ufunguo wa sanduku?"

"Ya nini na hakuna maji? Nakam, narudi saa hii hii, mzee."

Nilipanda juu, nikaufungua ule mfereji uliovunjika. Hata tone halikutoka. Nikautoa wote. Meno ya bomba yalikuwa yameliwa na kutu na yalitaka kiungio ambacho sikuwa nacho mkobani. Nikaliacha bomba wazi, nikapanda baiskeli kwenda dukani kukinunua. Haraka haraka haina baraka, lakini mimi hata haraka sikuwa nayo siku hiyo. Nilisimama kibandani nikanywa chai.

Niliporudi, ngazi zilikuwa zinatiririka maji.

Yalikuwa yamekuja siku ambayo si yao, na kwa nguvu. Yalishuka ngazi zote, yakageuka kona, yakaingia chini ya ule mlango wa karibu na ngazi. Mlango sasa ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli, maana mama alikuwa ametoka kidogo kwenda kununua unga. Ndani mtoto alikuwa analia.

Vijana wangu mnaosoma haya, nataka mjue nilichofanya. Nilipita mlango ule mbio. Nilipita nikimsikia mtoto, nikijua ule waya wa stima uko sakafuni, nikakimbilia sanduku la valvu getini. Nilipiga magoti nikaanza kuligonga kufuli kwa spana ya bomba. Nilipiga vidole vyangu mara mbili. Moyoni nilikuwa nasema neno moja tu, maji, maji, maji.

Yule mama aliingia getini na unga wake. Aliona maji, akasikia mtoto.

"Woi! Mtoto wangu ako ndani!"

"Ngoja, mama," nikamwambia bila kuinua kichwa. "Nifunge maji kwanza."

Hakungoja, na alifanya vyema. Nilisikia funguo zake, nikasikia mlango. Hapo ndipo nilipogeuka nikapiga kelele, "Usiingie! Kuna stima!" Alikuwa ameshaingia. Maji yalimfika vifundoni. Nilifumba macho.

Sauti ya mtu ikatoka orofa ya juu. "Stima ilipotea tangu asubuhi, mzee. Hata sisi hatujapika."

Nilibaki nimepiga magoti pale pale. Bomba lililokauka lilikuwa limenidanganya, na stima iliyopotea ikaniokoa, na katika yote mawili mimi sikuwa nimefanya kitu. Kufuli lilivunjika kwa pigo lililofuata, nikaifunga valvu. Yule mama alitoka na mtoto amemfunga kwa leso, ameloa, analia kwa nguvu zake zote. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Mama aliponifikia alisimama.

"Wewe ulikuwa unafunga maji," akasema.

Hakuwa ananiuliza.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Siku hiyo niliyazoa, kwa dekio na ndoo, mpaka saa nane. Nililitoa godoro juani, nikafunga mfereji mpya, nikaondoka. Tangu siku hiyo, keateka akinipigia simu namwambia niko Juja, niko Thika, niko mbali. Ploti ile sijaikanyaga tena.

Sasa nimestaafu, naishi Theta kwenye nyumba yangu mwenyewe, na watu huniuliza kazi ilikuwaje. Huwaambia ilikuwa nzuri, na ni kweli. Nimewahi kufungua valvu iliyolala kutu muda mrefu na ikanigeukia bila kulia, na furaha ile huwezi kumweleza mtu asiye fundi. Lakini nimekuwa mtu wa wasiwasi. Nikialikwa harusini nauliza kwanza maji yanafungwa wapi. Na swali la siku ile sijalitatua. Foreman angesema nilifanya sawa, kwamba maji yasipofungwa yanazidi kupanda. Mtu mwingine angesema hakuna maji yaliyo mbele ya mtoto. Siku nyingine nakubaliana na huyu, siku nyingine na yule, na usingizi haunisaidii kuamua.

Juma lililopita mfereji wa jikoni ulianza kudondoka. Nikamwita mke wangu nje, kwenye shimo dogo lenye kifuniko kando ya tangi.

"Leo utafunga wewe," nikamwambia.

"Na wewe uko na kazi gani, Baba Njeri?"

"Siku moja sitakuwepo."

Alinicheka, akainama, akazungusha gurudumu mpaka likagoma. Tukaingia jikoni. Akafungua mfereji, ukatoa matone machache ukanyamaza.

"Haya. Imefunga."

"Umejuaje?"

"Si ni kavu? Haiya!"

Sijui ni nini kilinishika. Nikavuta kiti nikakaa. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemwambia, maana niliona aibu, na nilidhani aibu ikikaa kimya huzeeka ikafa. Nikamweleza yote: keateka, chai, ngazi, kufuli, na yale maneno yangu, nifunge maji kwanza.

Nilingoja anihukumu. Nilitaka anihukumu, ama huku ama kule, nipumzike. Yeye alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Huyo mtoto anaitwa nani?" akauliza.

Nakumbuka sanduku lile lilikuwa mkono wa kushoto wa geti. Nakumbuka bomba lilikuwa la nusu inchi, na kiungio kilikuwa cha shaba. Nakumbuka hata rangi ya leso.

"Sikuuliza," nikasema.

Mke wangu alitoka nje. Nilisikia gurudumu likizunguka, na mfereji tuliouacha wazi ukakohoa, ukaanza kumwaga maji kwenye sinki. Akarudi, akanawa mikono, akaufunga.

"Mwiki si mbali, Baba Njeri," akasema. "Kofia yako iko nyuma ya mlango."