Mkaja wa Noreen

Siku moja hiyo, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Ndani udi unanuka, nje mtaa wote wa Kilburn umelala chini ya theluji, nayo inashuka polepole kama sufi ya mto uliopasuka. Mabasi yamenyamaza. Mie nimesimama jikoni kwa Rehema nachemsha maji ya mchaichai, mvuke umeziba dirisha, nikawa sijui kama niko Ulaya au niko kwetu Ng'ambo.

Juzi ulinijia na mumeo, mkaniambia mmepata mwanamke wa kuwabebea mimba, na akishajifungua mnataka kila mtu ashike njia yake, msijuane tena. Nilinyamaza. Mie nikinyamaza watu hudhani naumwa, kumbe nilikuwa nimerudi kwenye siku hiyo. Kaa nikuhadithie. Shule sikwenda, lakini macho ninayo.

Rehema alikuwa akikaa flati ya juu yangu. Mwembamba, na sauti yake kama birika linaloanza kuchemka. Kizazi chake kilitolewa hospitali, alivuja damu sana, kabla hajapata hata mtoto mmoja. Kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuwapo mwenziwe, Noreen, Muairishi wa mashavu mekundu, ana watoto wake na mume aliyekwenda zake. Noreen ndiye aliyemwambia, kwa ile sauti yao ya kupanda na kushuka kama anabembeleza paka: "Rehema mpenzi, tumbo langu chumba kitupu. Mlete mwanao akae, kodi sitaki." Basi madaktari wakachukua yai la Rehema na mbegu ya mumewe, Saidi, wakaviunganisha, wakampandikiza Noreen.

Halali, haramu, hayo kamuulize shehe. Mie mpishi.

Rehema akaona haya. Watu wetu unawajua, midomo haina mlango. Akajifunga mto tumboni ndani ya koti, akawa anakwenda nao maulidini na harusini, anatembea kwa kujivuta. Mie nikimtania, "Leo mimba imehamia ubavuni, iambie irudi." Hucheka, halafu hulia. Wazee walisema mficha uchi hazai. Huyu alificha na mtoto akaja vilevile, msichana, wakamwita Salma. Lakini tabu ilikuwa bado iko njiani.

Sheria ya hapa ina mambo yake. Aliyezaa ndiye mama kwenye karatasi, na mpaka wiki sita zipite, hata akisema nimekubali, neno lake halihesabiwi. Rehema akaogopa Noreen akimtia mtoto machoni tu, moyo utageuka. Akatoka naye hospitali mbiombio, akatukataza sote kwenda kwa Noreen, na simu ikilia hapokei. Yeye mwenyewe akalala kitandani kama mzazi, kanga mpaka shingoni, na Saidi akaenda Hayes kumchukua Bi Kidawa, mkunga wa Kipemba, aje amfanyie arobaini, zile siku za kumwogesha na kumkanda aliyezaa. Watu wangeuliza, mzazi gani huyu hakandwi?

Siku ile ya mchaichai, Bi Kidawa akaingia na theluji mabegani, kafupi, sauti nzito kama jiwe la kusagia. Rehema alikuwa ameshajifunga mkaja, ile nguo ndefu ya kubana tumbo lililozaa. Bibi akaufungua, akaweka kiganja. Kikakaa pale, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

"Tumbo hili halijazaa," akasema. "Aliyezaa yuko wapi?"

Saidi akaanza, ehe, bibi, unajua, ehe, kikohozi kikampokea. Rehema ndiye aliyesema yote, uso kaugeuzia ukutani.

Nikadhani bibi atafoka. Hakufoka. "Mtoto wako, mwanangu, sibishi. Lakini uchungu wameupata wengine, mkaja umejifunga wewe. Hata Waingereza, kwa wiki zao sita, wamempa aliyezaa arobaini yake. Wewe ndo umnyime?"

"Akimtaka mtoto je, bibi?"

"Atamtaka. Bora uone leo anavyomtaka, kuliko kumwogopa umri wako wote."

Akauviringisha mkaja, akautia kwapani. Tukatoka. Bibi mbele, mie na sufuria ya mchaichai nimeifunga taulo, Rehema nyuma na mtoto ndani ya koti, koti lile lile la mto. Njia nzima theluji inatufutia nyayo, nikaona kama tunaoteshwa.

Noreen akafungua mlango, nywele timtim, maziwa yamemlowanisha kifua. Bibi Kiingereza hajui, Noreen Kiswahili hajui. Mikono ikasema. Bibi akamwogesha, akamkanda, akambana mkaja. Noreen akafumba macho, akasema wale watoto wake wote alipowazaa aliinuka akaosha vyombo, hakuna aliyemgusa hivi. Kisha akauliza, polepole, kama anaomba sadaka: "Naweza kumwona?"

Rehema alikuwa mlangoni. Niliona mikono yake inavyomkaza mtoto. Halafu akaenda, akamweka mtoto mapajani mwa yule mwanamke.

Salma alikuwa analia tangu njiani. Noreen akamsemesha mara moja tu, mtoto akanyamaza kimya. Uso wa Rehema siwezi kukuigizia, mwanangu, na unajua mie naigiza kila kitu.

Noreen akamtazama Rehema. "Usiogope," akamwambia. "Sauti hii ndo aliyoizoea huko alikokuwa. Kaa hapa umwimbie, aizoee yako."

Rehema akakaa, akaimba na ile sauti yake ya birika, bega kwa bega na Noreen, mpaka mtoto akalala. Na kila siku akarudi. Arobaini ilipokwisha na wiki sita zikatimia, Noreen akatia sahihi karatasi za kumkabidhi mtoto, akambusu mtoto kisogoni: "Haya mpangaji wangu, umehama salama."

Salma sasa msichana wa skuli, namsemesha Kiswahili ananijibu "Yeah, Bibi, whatever." Msichana akiposwa, mume hutoa mkaja, zawadi ya tumbo lililomzaa, kumpa mama wa bibi harusi, ndo desturi yetu. Rehema ameshasema siku ya Salma itatolewa mikaja miwili, wake na wa Noreen.

Basi, mwanangu, usimfiche anayekubebea, wala usimkimbie. Mkande, mlishe uji wa pilipili manga, mfunge mkaja kwa mikono yako. Mtoto wako hapungui kwa kupendwa na wawili. Usije ukajifunga mto tumboni ukaulea uoga badala ya mwana.

Nendeni. Mungu amtilie nuru mnayemngojea, aje na heri, akute milango miwili iko wazi. Na nikisikia hodi yake, sufuria yangu ipo.